Kitanda Changu Kilikatwa Pembe

Mmewahi kuona kitanda kikikatwa pembe kwa msumeno ili kiingie chumbani?

Changu kilikatwa. Kitanda cha ndoa, mbao ngumu, nimejifungulia watoto watano juu yake. Na nyumba yenyewe imejengwa kwenye kiwanja changu mimi.

Kaeni niwaeleze. Siku hizi hata sisi mabibi tuna simu, mtatuvumilia.

Kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu kiko pale barabara mbili zinapokutana. Kina umbo la kabari: nyuma kipana, mbele ncha. Miaka mingi watu walinicheka, "Hapo utajenga nini, banda la kuku?"

Kitinda mimba wangu ni wakili. Akasema, "Mama, wewe toa kiwanja, mimi natoa nyumba. Nipate ofisi, wewe upate chumba, tuishi wote."

Nikasema haya. Si mtoto wangu?

Akamleta msanifu, kijana mwembamba wa miwani, kazi yake kuchora nyumba. Yule kijana hakukimbilia kupima. Alikaa nami juu ya matofali akaniuliza, "Bibi, unaamka saa ngapi?"

"Kabla ya jogoo. Magoti hayanipi usingizi. Mpaka yapate jua la asubuhi ndipo yanakunjuka."

Akatazama jua linakotokea, akachomeka kijiti ardhini, akaandika.

Baadaye mwanangu akaja na makaratasi, gari linanguruma nje.

"Weka sahihi hapa, mama. Na hapa."

Mistari mitupu. Darasa la nne langu halikufika huko. Nikaweka.

Nyumba ikasimama. Mbele ncha, nyuma pana, na ukuta mmoja wa nyuma umekwenda upande, mpaka wapita njia wakasema fundi alikuwa amelewa.

Chumba changu? Kwenye ncha.

Kuta mbili zinakutana kichwani pako kama mkasi. Honi kulia, honi kushoto. Jua halikanyagi. Soketi za umeme sita, na mimi nina kisimu kimoja.

Seremala alipima kitanda mara tatu, akajikuna kichwa. "Bibi, humu labda ulale umesimama."

"Kata," nikamwambia.

Msumeno ulipolia, nilimlaani yule msanifu. Kila mgeni aliyeisifia nyumba nilimwambia, "Aliyeichora hana mama."

Mwaka mzima nilisema hivyo. Mwanangu anasikia, anakoroga chai yake.

Juzi yule kijana akaja kuipiga picha nyumba aliyoichora. Nikamvuta mkono hadi chumbani.

"Wewe ndiye uliyeniweka humu?"

Akakiona kitanda kisicho na pembe moja. Akavua miwani.

"Bibi, hiki sikukichora kiwe chumba cha kulala. Niliichora ofisi."

Akafungua ramani ya kwanza kwenye simu, akanionyesha kwa kidole. Kwenye ncha, ofisi: meza moja, wateja waione kutoka barabara zote mbili. Nyuma, penye upana, chumba cha bibi. Ule ukuta wa "mlevi" aliupinda makusudi, ufuate kijiti chake, jua liingie hadi kitandani.

"Nyumba nzima niliianzia kwako," akasema. "Wakili ndiye aliyetaka tubadilishe vyumba. Aliniambia umekubali, na sahihi yako niliiona."

Kumbe kikulacho kilikuwa nguoni mwangu, na mimi nahangaika kumlaani mtoto wa watu.

Nikamwomba radhi. Kisha nikaingia ofisini kwa mwanangu bila hodi. Jua limejaa tele, linapiga mafaili.

"Mwanangu, hapa palikuwa pangu?"

Hakuinua macho. "Mama, wateja wanataka kuona nafasi. Wewe si unalala tu? Kulala kunahitaji dirisha?"

Mimi nimemzaa tu, maneno hayo sikumtungia.

Lakini siku hizi kila asubuhi naingia humo, nakaa kwenye kiti cha wateja, magoti juani. Anikute, asinikute, nakaa.

Jana mteja mmoja akaniuliza kwa upole, "Na wewe mama, kesi yako inahusu nini?"

"Kiwanja," nikamwambia. "Namngoja wakili."

Mwanangu akajifanya anatafuta kalamu.

Wazee wenzangu, mkiletewa ramani msione haya. Wekeni kidole juu ya karatasi mseme: nionyeshe mimi nalala wapi. Aliyeileta akikuharakisha, hata kama ulimnyonyesha mwenyewe, usisaini.