Mama mkwe, mimi na reli ya Webuye niliyojenga kwa computer

Wakuu, niaje. Wale wa kuchangia na wale wa kusoma kimya kimya, wote nawasalimu.

Hii si ile ya kuforwadiwa kwa email. Imetokea kwangu hapa Kileleshwa, na bibi yangu akiisoma atawaambia nimepunguza, sijaongeza.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ofisi, na ugonjwa wangu ni train simulator. Wenzangu wananunua ploti, mimi najenga reli kwa computer.

Wakati huo nilikuwa najenga line ya Nairobi kwenda Webuye, tena mara mbili. Moja ni ya sasa, ya diesel, vibanda vya Kibera vikiwa karibu kuguswa na behewa. Ingine ni ya miaka ya sitini, ya steam, wakati hapo palikuwa na nyumba chache na nafasi ya kupumua.

Hiyo kazi si mchezo. Unaweka mti mmoja mmoja, paa moja moja. Bibi yangu Nekesa anaita hiyo kuharibu stima na kupandisha bill ya umeme.

Sasa mama yake akaugua. Sukari. Kidonda cha mguu kikakataa kufunga, akaletwa Nairobi kutoka kwao Webuye.

Daktari hakuzunguka. Akasema kidonda kioshwe hapa hapa clinic mpaka kifunge. Akirudi nyumbani mapema, mguu unaweza kukatwa.

Nikasema karibu mama, nyumba ni yako.

Wakuu, mimi ni Mkikuyu, tena wa kutoka Kikuyu town yenyewe. Nilivyolelewa, mama mkwe ni mgeni wa heshima. Unampa kiti kizuri, unampakulia mwenyewe. Basi nikampakulia, nikakaa mbele yake, nikangoja ale.

Hakushika hata kijiko.

Nikadhani ni chakula. Kesho yake nikapitia Kenyatta Market nikaleta nyama choma ya nguvu, nikamkatia vipande hapo mezani. Mama akaangalia ukuta.

Nekesa akanivuta jikoni. "Wewe! Unataka kumuua na njaa? Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe. Hata usoni hakuangalii. Na kulala kwa nyumba yako, hiyo pekee anaona ni aibu kubwa."

"Si ungeniambia?"

"Nilidhani unajua! Kwani ulioa wapi?"

Haki nilisikia vibaya. Kumbe wema wangu wote ulikuwa unamtesa.

Tukapanga upya. Akawa analetewa chakula chumbani. Mimi nikitoka kazini nakohoa kwa mlango ndio apate nafasi ya kupotea. Lakini fikirieni, mtu mzima, mgonjwa, amejifungia chumba kwa sababu mwenye nyumba ameketi sitting room.

Ijumaa moja akamwambia Nekesa amepanga nguo, Jumatatu anaenda. Nekesa akamkumbusha maneno ya daktari.

"Mguu ni wangu," akasema. "Nimekaa hapa ya kutosha."

Nekesa alilia hiyo weekend yote. Na mimi ningesaidia aje, na hata kuongea na mama siwezi?

Jumapili mchana Nekesa akaenda mkutano wa kina mama kanisani, na binti yetu Njeri. Mimi kwa stress nikawasha computer, nikafungua ile ya steam, nikatoa treni Nairobi. Computer iko kwa kona, nikikaa napatia corridor mgongo.

Nilikuwa nimepita stesheni ya Kikuyu niliposikia stool ikivutwa nyuma yangu.

Sikugeuka. Nilijua nikigeuka tu, anarudi chumbani.

Tukaenda hivyo mpaka Limuru. Baada ya hapo line inashuka mteremko mkali wa escarpment, bonde lote likafunguka kwa screen. Mimi akili yote iko nyuma, nikasahau breki. Treni ikaanza kukimbia.

"Polepole hapo, Baba Njeri! Polepole! Utatumwaga!"

Wakuu, tangu nioe, mama hakuwa ameniambia neno moja kwa moja. Nikashika breki, jasho linanitoka.

Tulipotulia akauliza, "Na watu wako wapi?"

"Watu gani, mama?"

"Wa stesheni. Hiyo Limuru tumepita, mbona imekauka hivyo? Watu wamehama?"

Nikamwambia watu ni wagumu kutengeneza. Akaguna. Halafu akaanza kunieleza.

Mzee wake alikuwa anafanya kazi Industrial Area. Yeye bado bibi mchanga, alikuwa anapanda treni huko Webuye akimletea unga na kuku, third class, mtoto mgongoni. Limuru kina mama walikuwa wanauza matunda ya peasi kwa dirisha. Alikuwa anashuka Nairobi miguu imefura na bado anacheka, kwa sababu mzee alikuwa anangoja amevaa tai.

Hapo sauti yake ikakwama kidogo. Mimi nikapunguza mwendo, treni iende pole pole.

Tuliongea mchana mzima, mimi nikiangalia reli, yeye akiangalia reli. Hakuna aliyemwona mwenzake usoni. Heshima yake ilibaki nzima.

Jumatatu nikaenda kazini roho juu juu. Jioni nikakohoa kwa mlango kama kawaida.

Hakupotea. Alikuwa ameketi kwa stool yake, nyuma ya kiti changu, anaangalia pembeni. Nikapita nikakaa, nikawasha mashine. Nekesa akabaki amesimama jikoni na mwiko, mdomo wazi.

Tangu hapo nikawa najenga pole pole makusudi. Nikaweka kina mama wa peasi. Nikaweka kuku. Siku moja dada yake Nekesa akapiga simu kuuliza mama anarudi lini. Mama mwenyewe akachukua simu.

"Wewe ngoja. Hatujafika hata Nakuru."

Funzo langu ni hili: nilidhani kumheshimu mtu ni kumkaribia. Kumbe kuna mtu unamheshimu kwa kumpatia mgongo, mradi ajue unamsikiliza. Nyinyi wa western, nisahihisheni kama nimekosea. Na wenye wakwe wagumu, semeni yenu tusikie.

Kidonda kimefunga. Daktari amesema mama yuko huru kwenda hata kesho.

Lakini bado yuko. Kwa hivyo kama kuna mtu ana picha ya stesheni ya Webuye, ya enzi zile ikiitwa Broderick Falls, tafadhali aniwekee hapa chini. Tumefika Eldoret, na mama ameanza kuuliza kama nyumbani nitapajua.