Pua ya Muasya

Ilikuwa mwaka wa 2020. La, nadanganya, ilikuwa 2021, maana barakoa tulikuwa tushazizoea hadi tunazivalia kidevuni. Mwaka huo ndio Nanga ilifungwa, ule mkahawa wa samaki wa baharini uliokuwa chini ya hoteli moja katikati ya mji. Jumapili, kanisa likishatoka, familia zilikuja mpaka kutoka Kileleshwa kula nguru wa nazi. Niliona watoto wakikulia pale, halafu wakaleta watoto wao.

Mpishi mkuu alikuwa Muasya, mtu wa Kitui, nchi kavu kabisa. Mimi nilikuwa mpara samaki, nikasimama kando yake miaka kumi na tisa. Nilimtania kwamba kwao samaki ni nyoka mwenye mapezi. Naye alisema sisi wa magharibi tukinusa kuku tunasahau hata mahubiri.

Sasa, ile pua yake. Samaki walifika asubuhi kutoka Mombasa ndani ya makasha ya barafu, na hakuna kasha lililoingia jikoni kabla Muasya hajafunua matamvua, akashusha barakoa, akainama. Akitikisa kichwa, kasha lilirudi, meneja anune asinune. Sifa yote ya Nanga ilikaa hapo.

Ule ugonjwa ukampata. Alilala wiki tatu, akapona, akarudi. Siku hiyo aliinama juu ya kasha muda mrefu kuliko kawaida.

"Lazaro," akaniambia polepole, "sisikii harufu. Hata ya kitunguu."

Binti yake, Kasyoka, alikuwa bado chuoni, na mpishi wa samaki asiye na pua ni nani atamweka? Basi tukapatana. Nikilaza kisu mezani, samaki wameharibika. Nikikishika, ni wazima. Yeye aliendelea kuinama na kutikisa kichwa kama zamani. Miezi minane hakuna aliyejua, na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona mwerevu.

Kisha dada yangu Nakhumicha akafariki, ikabidi niende Webuye. Nilimsihi Muasya amweleze meneja, au asipokee kasha lolote mpaka nirudi.

"Nenda umzike dada," akasema. "Samaki nitawaangalia kwa macho."

Niliporudi Ijumaa, mlango ulikuwa umebandikwa karatasi: tumefunga kwa ukarabati. Watu wa meza mbili walikuwa wamelazwa kwa samaki wa Jumatano. Walipona, ashukuriwe Mungu. Askari wa mlangoni akaniambia wenye hoteli walitaka kuuza tangu zamani, samaki ni kisingizio tu. Labda. Ukarabati wenyewe sikuuona. Pale sasa wanauza simu.

Muasya akapata kazi ya kufungua lango la fleti, huko huko Kileleshwa. Nilikuwa nikitoka kwangu mtaa wa Satellite kwa miguu kumwona, tunakula githeri pamoja. Siku moja akaniuliza kama dada yangu tulimzika vizuri. Nikasema ndiyo. Na kwa kuwa yeye ameuliza, nami nikauliza langu. Gari likapiga honi, akainuka kulifungulia, akabaki amesimama langoni, amenipa mgongo, hata gari lilipokwisha kupita.

Machi mwaka huu tumemzika Muasya kwao Kitui. Nilimuuliza Kasyoka pia, hajui.

Nilichomuuliza ni hiki tu: Muasya, yale makasha ya Jumatano, alikunusia nani?