Boriti za Mikoko Nilizoleta Zuzu

Ijumaa, upepo mkavu tangu alfajiri.

Nilikuwa na hakika kabisa na boriti zangu. Pwani nilikofanya kazi, watu hukata mikoko, huburuta boriti majini, hujengea nyumba, na kando yake hulima mpunga. Basi nikazileta Zuzu, kijijini kwetu huku bara, kwa gari moshi la Wadachi wanaotutawala, nikajenga tembe. Leo baba wa mchumba wangu alikuja kuikagua kabla ya kunipa binti.

"Hizi mchwa hawaziwezi, mzee," nikajigamba.

Kusema haki, mama alinionya nizioshe kwanza. Mzee akiwa bado anakagua, ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, wakaonja chumvi ya bahari kwenye nguzo za mlangoni, wakalamba na kusukumana hadi ukuta ukaanguka.

"Kijana," akasema mzee, "umemjengea binti yangu, au ng'ombe?"

Jioni tumekula ugali wa uwele kwa mlenda, mimi na mama tu. Mzee hakungoja chakula.