Bi Turan, Mfunga Msafara

Bi Turan alikuwa mshonaji wa mapazia, na mtaani kwetu Tehran hakuna dirisha ambalo hakujua vipimo vyake. Lakini sisi tuliopanda naye mlima tulimjua kwa jambo jingine: yeye ndiye aliyefunga msafara. Kila Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, tulipoukabili mlima wa Kolakchal, Bwana Jamshid alitangulia na Bi Turan alikuja nyuma ya wote. Ukichoka, unaisikia sauti yake mgongoni kwako: "Mimi sikusukumi, dada. Nakungoja tu." Parvane, msusi wetu, humjibu kwamba kungojwa na Turan ni sawa na kupigwa teke na punda. Tunacheka, na kilima kinapungua.

Nafasi hiyo aliirithi kwa mtoto. Mwanawe wa pekee, Ardalan, alikuwa akifunga msafara wa vijana wenzake wa chuo. Mwaka ule theluji iliwahi, majani ya bondeni hayajamaliza kupukutika. Mmoja wao hakuonekana, Ardalan akarudi kumtafuta juu ya mgongo wa mlima. Yule mwenzake kumbe alikuwa ameshuka kwa njia nyingine, mzima. Ardalan hakushuka. Walimwona ukungu ulipoondoka, amekwisha kufa.

Mama yake hakuulaani mlima. Alinunua viatu, akaja akasimama nyuma yetu. Na kila mwaka, theluji ya kwanza ikianguka, tulipanda naye mpaka pale mgongoni, akagawa tende zilizotiwa lozi. Mpita njia anachukua moja, anamsomea marehemu Fatiha, anatuambia "msichoke," anakwenda zake.

Mwaka jana tulikuwa tumeshaanza kuona dalili. Pazia la mteja lilitoka fupi, likaishia magotini. Kisa kimoja alikisimulia mara mbili kabla chai haijapoa. Kwetu mtu haambiwi upungufu wake usoni, basi tulimsifu tu, tukazidi kumsifu.

Theluji ya kwanza ya mwaka huo ilipoanguka, njiani, mzee mmoja mwenye fimbo alipokea tende akauliza Fatiha ni ya nani. Bi Turan akamtazama, akacheka.

"Kwani kafa nani? Kula, bwana, upate nguvu."

Parvane aliinama akafunga kamba za viatu vilivyokwisha fungwa.

Tulifika juu. Theluji ilituzika vifundo vya miguu, upepo unakata masikio, na ukungu umeanza kupanda kutoka bonde la pili. Bwana Jamshid akasema tusikae, tushuke. Bi Turan akaegemea fimbo yake, uso ameuelekeza tulikotoka.

"Nyinyi nendeni. Namngoja Ardalan, yuko nyuma."

Bwana Jamshid ni mtu wa kusema kweli, na jeneza la kijana yule alilibeba kwa bega lake. Akamshika mkono, akamweleza polepole kwamba Ardalan alifariki, hapa hapa, miaka mingi sasa, na sote tulimzika. Bi Turan akavua glavu moja, sijui kwa nini. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona hamkuniambia?"

Akaketi kwenye theluji akalia. Hakulia kilio cha mfiwa wa zamani, alilia kilio cha siku ya kwanza. Nikamkumbatia, nikasoma aya nilizozijua, nikizirudia. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikakoma. Akapenga kamasi, akaziona nyusi zangu zilivyojaa theluji, akatabasamu. "Iffat, umekuwa bibi kizee." Kisha akasimama, akajikung'uta, akageuka tena kule kule nyuma.

"Anachelewa huyu mtoto."

Bwana Jamshid alifumbua kinywa, nami nikamtikisia kichwa. Mara moja inatosha kumzikia mama mwanawe, na sisi tulikwisha mzikia mara mbili. Lakini ukungu ulikuwa umefika miguuni, na yeye asingeondoka. Mimi ulimi wangu nauogopea Mungu. Mama yangu alinifunza kwamba saumu ya mwongo ni njaa tu. Nikamwomba Mungu neno. Akanipa.

"Bi Turan," nikamwambia, "Ardalan ametangulia."

Akanigeukia. "Ametangulia?"

"Kitambo, dada. Sisi ndio tunaomfuata."

"Na mmenisimamisha hapa kwenye baridi."

Akampita Parvane, akanipita mimi, akampita hata Bwana Jamshid, yeye mfunga msafara ambaye hakupata kumwacha mtu nyuma yake, akaishika njia ya kushuka. Tulimsikia akinung'unika kwamba mtoto ana miguu ya baba yake, hangoji mtu.

Nyuma nikabaki mimi. Hakuna aliyenituma. Kila kona niligeuka kutazama juu, kama alivyokuwa akifanya yeye, na juu palikuwa peupe tu.

Kwenye mkahawa wa chini alikagua kila benchi. Alimgusa kijana mmoja begani, kijana akageuka, naye akaomba radhi. Tulikuwa wanne, akaagiza chai tano. Gilasi ya tano ikapoa mbele ya mahali patupu. Aliponiona machozi yakinilenga, akanipapasa goti.

"Usihuzunike, Iffat. Atakuwa ametangulia nyumbani."

Kisha akautoa mfuko wa tende zilizobaki, akauliza ni za nani. Nikachukua moja. Fatiha niliisoma ndani ya moyo, midomo nimeifunga, asije akaniuliza namsomea nani.