Maneno Ishirini na Matatu

Ilikuwa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumatatu, mama aliponiambia nimletee "ile chuma ya mlango". Nilimpa ufunguo, nikatazama saa, nikaandika. Shule niliiacha mapema. Daftari sijawahi kuliacha.

Mama ana miaka sabini na minne. Alifundisha darasa la tatu hapa Kamina mpaka alipostaafu, na hakuwa mtu wa kukosa neno. Sasa kofia ilikuwa "kitu ya kichwa", kafe "maji nyeusi", mvua "maji ya juu". Mjukuu wake wa kwanza, aliyemlea mwenyewe, mama alimwita "mutoto wa dada yako". Hilo lilimuuma dada yangu mkubwa, au alisema lilimuuma.

"Ndugu, kichwa ya mama imeisha," aliniambia. Mume wake ni mwanajeshi, wanaishi kambini. "Nitamuhamisha kwangu, kule base. Hii nyumba tuipangishe."

"Umemuuliza, yaya?" Kwetu dada mkubwa huitwa hivyo.

"Nimuulize nini? Anaita kafe maji nyeusi! Kesho minyi ataniita nani?"

"Minyi sitoki hapa," mama alijibu kutoka uani, kitambaa mdomoni.

Niliomba miezi miwili. Nilikuwa nimesoma, katika magazeti ya zamani ninayonunua sokoni kwa mafungu, kwamba ubongo wa mzee unahitaji samaki, karanga na majani mabichi. Nikapanga ratiba. Jumatatu samaki mkavu wa Kinkondja, Jumanne karanga za kukaanga, Jumatano majani, na kadhalika, kila kitu kwa kipimo. Sahani zilirudi tupu, nami nikaandika "amekula". Sikujiuliza kwa nini paka wa jirani amenenepa. Mama aliishi kwa chai na uji mwepesi. Alikonda, akaanza kusinzia mchana, na mara nyingine alipoteza kweli mwisho wa sentensi yake. Niliandika "ugonjwa unaendelea", nikaongeza karanga.

Miezi miwili ilipokwisha, dada alitangaza kwamba Jumamosi ni siku ya kuhama. Alhamisi niliketi na mama nimsomee orodha yangu, ili akubali kwa ushahidi. Maneno ishirini na matatu: tarehe, kitu, jinsi alivyokiita. Ufunguo, kofia, kafe, mvua, ufagio, sufuria, mafuta, valizi ya nguo. Jina la mjukuu.

Mama alivaa miwani, akanipokonya daftari na kalamu. Alizungushia herufi moja katika kila neno, polepole, kama alivyokuwa akisahihisha kazi ya mtoto mzito. F. F. F. V. F. Mpaka mwisho.

"Meno ya mbele inacheza," alisema. "Nikigonga nayo mudomo wa chini, naona nyota mchana. Basi ile maneno naizunguka."

"Mbona hukusema, mama?"

"Mwalimu mzima nionyeshe bantu kinywa cha damu? Na weye, tangu darasa la tatu unahesabu bila kusoma."

Kesho yake tulipanda pikipiki mbili hadi kwa daktari wa meno. Aligusa fizi kwa chuma chembamba. Zikatoka damu na usaha. Akauliza mama amekuwa akila nini. Nilifungua daftari kwa fahari.

"Karanga za kukaanga?" Alimgeukia mama. "Mama, huyu mtoto anakupenda, ama anangojea urithi?"

Mama alicheka, mkono mdomoni.

Kisha daktari akawa makini. Fizi zikioza, alisema, mzee huacha kutafuna. Akiacha kutafuna hula kidogo, na mwili usiolishwa haubebi kichwa vizuri. Wapo wanaosahau kweli, na kwa wazee maradhi ya kinywa na ya kichwa mara nyingi hukutana kwa mtu mmoja. Lakini wengine hutangazwa wamepoteza akili kabla mtu hajawaambia wafungue mdomo.

Alisafisha, akang'oa meno mawili, akaagiza dawa, maji ya chumvi, na chakula laini: samaki wa kuchemsha, majani laini ya lenga-lenga, karanga zilizotwangwa. Ndiyo ratiba yangu ileile. Ilikosa kinu tu.

Jumamosi dada alikuja na mkokoteni, akaondoka nao mtupu. Wiki tano baadaye mama alisimama mlangoni akaita jina la mjukuu wake, upepo ukivuma katika pengo, na avenyu nzima ikasikia. Kisha akamgeukia dada, aliyekuwa amekuja kumwona.

"Na garanti?"

Mimi sikujua garanti yoyote. Mama alijua, maana masikio yake hayakuugua kamwe: dada alikuwa amekwisha kupokea kwa sajini mmoja aliyetaka kupanga garanti, yaani amana ya miezi sita, dola mia tatu, kwa nyumba ambayo mwenyewe alikuwa ndani anakunywa uji.

"Nilinunua mapazia, mama. Ya hapa hapa."

"Vizuri. Yafunge. Halafu fungua mufuko, fanya hesabu, ufikishe feza yote kwa sajini." Kila F aliitamka kama mtu anayeonja asali.

Mapazia ni ya kijani, yanampendeza mama. Sajini alirudishiwa dola mia tatu kamili. Hasara ya dada ni dola sitini, bei ya mapazia.