Kitambaa cha Mama Mkwe na Jumamosi Saa Nne

Jumapili ile, tuliporudi kutoka misa, kompyuta yetu ya mezani iligoma. Ilikuwa ikiwaka, inaonyesha kioo cha bluu, inajizima, inawaka tena. Ndani yake kulikuwa na utafiti wa shahada wa mke wangu kuhusu jinsi watoto wa darasa la pili wanavyojifunza kusoma, kazi ya miaka miwili aliyoiandika jioni baada ya kutoka kufundisha. Kesho yake saa sita mchana alitakiwa kuutuma kwa msimamizi wake. Kwenye flashi alikuwa na sura mbili za kwanza tu. Tatu za mwisho zilikuwa humo humo.

Mke wangu alikaa, akaanza kuchomoa na kuchomeka nyaya. Mimi nikikosa la kufanya hupiga kelele, ni ugonjwa wa ukoo wetu. Nikaanza kutafuta mkosaji, na macho yangu yakatua kwenye kitambaa kilichokuwa juu ya kompyuta.

Kitambaa kilikuwa cha mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Maposeni. Alituletea vitambaa alivyofuma kwa mkono wake, vyeupe vyenye maua ya njano: vya makochi, cha televisheni, na kimoja kikubwa cha kompyuta.

"Mchawi ndiye huyu," nikasema. "Kinaizibia pumzi! Mashine inataka hewa!"

Nilisema hayo mbele yake, mimi ambaye hata kukohoa mbele ya mama mkwe hukohoa kwa adabu. Akainuka, akakitoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia kwenye mkoba wake.

"Samahani, baba," akasema. "Sisi wa shamba hatujui."

Nikaona nimeshinda kesi.

Mke wangu akaleta daftari lake la mafunzo ya kompyuta ya walimu. Aliwasha na kuzima mpaka ukurasa wa matengenezo ukatokea. Nikaona mahali palipoandikwa futa vyote uanze upya. "Bonyeza hapo!" nikamwambia, na kidole changu kikatangulia. Akakipiga kibao.

"Hapo ndipo pa kunizikia utafiti wangu," akasema. Akasoma kwenye daftari: mfumo unaweza kurudishwa kwenye siku ulipokuwa mzima. Programu zilizoingia baada ya siku hiyo zitatoka, maandishi yako hayataguswa. Ila uijue siku yenyewe.

"Ijumaa usiku niliandika, ilikuwa nzima," akasema. "Nani ameigusa tangu hapo?"

"Hakuna," nikajibu haraka. "Jumamosi ninyi mlikwenda kusali jumuiya. Mimi nilikuwa kitandani."

"Kweli, baba alikuwa anaumwa mgongo," mama mkwe akaniunga mkono. "Hata jumuiya nzima tulimwombea."

Mke wangu akabonyeza. Sikujua kwamba kompyuta nayo huweka kumbukumbu. Kioo kikaleta orodha ya siku, na mbele ya kila siku kilichofanyika.

"Tusomee na sisi, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Jumamosi," mke wangu akasoma polepole, "saa nne na robo asubuhi. Kabla ya kuwekwa mchezo wa drafti."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mchezo ule nilipewa na mwenzangu wa kazini kwenye flashi. Nilicheza mara tatu, kompyuta ikanifunga mara zote, nikazima kwa hasira na kurudi kitandani niliposikia hodi yao.

Mama mkwe alitazama dirishani. "Basi Mungu ni mwema," akasema. "Mtu aliyeshindwa kugeuka kitandani aliweza kukaa kwenye kiti."

Mke wangu alichagua Jumamosi hiyo, akabonyeza kukubali, na maandishi yakatuonya tusizime mashine mpaka imalize. Ndipo woga ulipotushika sote, maana umeme wa mtaani kwetu hauna rafiki. Mama mkwe akatoa rozari. Mimi nikaitikia kila Salamu Maria kwa sauti kubwa kuliko wote, nikiwa na hofu ya kweli. Kama taa ingezimika, ningekuwa nimeua miaka miwili ya mke wangu kwa ajili ya drafti.

Tulikuwa kwenye fumbo la nne kompyuta ilipowaka, ikatulia. Sura zote tano zilikuwepo. Mke wangu alizinakili kwenye flashi kwanza, kisha akalia kidogo, akacheka, akafungua utafiti kuupitia.

Ukurasa wa shukrani nikauona kwa mara ya kwanza. Uliandikwa: "Namshukuru mume wangu, aliyeitunza kompyuta hii." Moyo ukaniuma. Nikanyoosha mkono kwa mama mkwe, nikamwomba kile kitambaa nikirudishe mimi mwenyewe.

"Hapana, baba," akasema kwa upole. "Kitaizibia pumzi."

Mke wangu aliisoma ile sentensi, akafuta maneno mawili, "mume wangu", na mahali pake akaandika "mama yangu". Kisha akahifadhi.

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe," akasema bila kugeuka, "ulikuwa unaumwa mgongo."