Punda Aliyeangukia Pande Mbili

Wajukuu zangu wananicheka. Wakinikuta kochini hapa Utemini mjini, miguu juu ya stuli, bakuli la karanga mapajani, naangalia katuni, hujifanya wameshtuka. "Bibi, katuni ni za watoto!" Na wao simu zao zimejaa katuni, wanaangalia kidogo, wanaruka nyingine, halafu eti, "Nimeboreka." Boreka tu, mjukuu wangu. Sisi tulikuwa na katuni moja, na ilitutosha miaka.

Enzi zetu, watu wa rika langu mnazijua. Nyie mliokimbia mchakamchaka umande haujakauka, jembe begani na kidumu cha maji mkononi. Mliocheza rede kwa mpira wa matambara mpaka mama akuite kwa jina lako lote, ukajua leo ipo kazi. Jioni ugali wa uwele na mlenda, na ole wako umege tonge kabla ya wakubwa. Redio ilikuwa ya jirani, na taarifa ya habari ikianza, ukikohoa unatolewa nje.

Sisi tulikuwa Ilongero, vijijini. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari, babu mzaa baba akaja kukaa nasi. Zamani alikuwa na boma lake, yeye kule, sisi huku. Sasa nyumba yenyewe sebule na vyumba viwili, na mila mnaijua: mke hakai mbele ya baba mkwe wake. Hali chakula naye, hamtazami usoni, hasemi naye ila kwa kumtuma mtoto. Kumchekea meno nje ndiyo kabisa, aibu hiyo ingefika mpaka kwao. Babu akikohoa uani, mama keshajitanda kanga na kutokea mlango wa pili. Mjumbe wao nilikuwa mimi. "Mwambie babu uji tayari." "Mwambie mama yako nimeshukuru." Kutwa nzima!

Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mzee Kanji. Watoto wa yule mzee walishakua, wakaacha kabatini kimashine cha sinema cha kuzungusha kwa mkono, taa yake inawaka kwa betri za tochi. Siku moja akampa baba. "Chukua, fundi, watoto wako wacheke." Filamu zake zilikuwa zimekatikakatika, imebaki moja tu nzima, ya picha za kuchorwa, haina sauti. Punda mnene mwenye kofia anakataa kuvuka daraja. Mwenye punda anamvuta, anamsukuma, mwisho anampigia magoti. Punda anakubali, anafika katikati, anageuka kututazama sisi, halafu chubwi, majini!

Mama alitamani kuiona, jamani. Baba alishatusimulia. Asubuhi ya siku ya sinema, akipepeta uwele, aliniambia, "Na mimi ningependa kumwona huyo punda. Ila nitakaa wapi?"

Jioni baba akatundika shuka la marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, kwenye mlango wa kati wa chumba cha ndani. Majirani wakajaa, babu akawekwa mbele kabisa kwenye kigoda. Basi babu alikuwa amefuga punda maisha yake yote. "Huyo namjua!" akapaza sauti. "Huyo ndiye aliyenimwagia mtama wangu!" Akaanza kumfundisha kazi yule mtu wa kwenye picha. "Usimvute, mjinga wewe! Muache, atavuka mwenyewe!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Punda alipotumbukia, kicheko kingine kikatoka nyuma ya shuka. Mama alikuwa amepita mlango wa uani, akakaa kitandani gizani, na picha ilikuwa inapenya kitambaa. Kicheko cha mama hakikuwa cha kuficha, kilianzia tumboni. Baba akaacha kuzungusha. Watu wakaligeukia shuka. Nikajua yamekwisha: mashine itarudi kwa Mzee Kanji, na mama atasemwa na ukoo mzima.

Babu akalitazama lile shuka, akaniita. "Nenda kamwambie huyo anayecheka, avumilie, punda ataanguka tena." Akamgeukia baba. "Na wewe unangoja nini? Rudisha mwanzo."

Tangu hapo kila Jumamosi wakwe na wake za watoto wao walikuwa na sinema moja, shuka katikati. Ugomvi ukaja baadaye. Babu alisema punda anaangukia mkono wa kulia. Mama, nyuma ya shuka, alikuwa anaona mkono wa kushoto. Miguu yangu ilikoma! "Mwambie babu, kwa heshima zote, ni kushoto." "Mwambie mama yako macho yangu hayajazeeka." Kisimani wanawake waligawanyika, kilabuni wazee wakagawanyika, na baba, aliyekuwa anajua, alizungusha mashine yake akitabasamu tu.

Hatimaye babu akaamua. "Tupishane. Mimi nikae kwake, yeye akae kwangu." Kupishana kwenyewe kulikuwa kazi. Babu alizunguka uani, mama akajibanza nyuma ya kihenge cha uwele mpaka nilipoita, "Keshapita!" Punda alipoanguka, babu akapiga ukelele chumbani, "Lo! Kushoto!" Na mama, sebuleni, mkono mdomoni, "Kulia, jamani!" Walicheka wawili wale, huyu huku na huyu kule, mpaka baba naye akashindwa kuzungusha. Nikatumwa. "Mwambie mama yako hakusema uongo." "Mwambie babu na yeye pia."

Baadaye betri ziliadimika madukani, mashine ikawekwa darini. Kisha babu akaugua, akalazwa kile chumba cha ndani, na mlangoni tukatundika lile lile shuka la marekani liwe pazia. Jioni moja mama alileta uji, akasimama nje ya pazia. Babu alikuwa hasemi tangu asubuhi. Mama akaninong'oneza, "Muulize babu, leo punda kaangukia wapi?"

Nikauliza. Babu akafumbua macho, akatafuta sauti. "Mwambie leo kaangukia upande wake."

Mama alicheka kwa nguvu, machozi yanamtoka, na hakuna aliyesema ni aibu. Lilikuwa neno la mwisho babu alilomtumia.

Siku hizi mkwe wangu, mke wa mwanangu, tunakaa kochi moja, tunakula sahani moja, wala hatuhitaji mjumbe. Nafurahi, sitaki uongo. Ila kila mmoja ana kioo chake na vile vitu vya masikioni, na mtu hucheka peke yake, mwenzie asijue amecheka nini. Juzi katuni yangu ilinichekesha mpaka karanga zikamwagika. Mkwe wangu akatoa kile cha sikio moja. "Mama, kuna nini?"

"Kuna mtu kaanguka," nikamwambia. "Sogea huku uone. Kati yetu hakuna shuka."

Akasogea.